Sura ya 6: Fremu Sitini kila Sekunde

PSP ya Sony ilipoingia madukani Japani, Desemba 2004, prosesa yake iliweza kwenda hadi megahezi 333, na RAM yake ilikuwa megabaiti 32. Simu ya bei ya kati inayouzwa leo Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, ina prosesa ya viini nane, kila kiini kikienda mara tano au sita ya mwendo huo, na RAM ya gigabaiti 4, yaani mara 128 ya ile ya PSP. Kwa hesabu hiyo hakuna gemu ya PSP ambayo ingepaswa kuisumbua simu. Sasa pakia God of War: Chains of Olympus ya mwaka 2008 kwenye simu hiyo hiyo, jitose vitani na maadui watano kwa mpigo, uone. Kratos anainua mapanga, picha inaganda, spika inakwaruza, na mapanga yanaposhuka adui ameshahama.

Mtaani wanasema gemu inastaki kwa sababu simu haina nguvu. Maelezo hayo yana ukweli kidogo tu. Simu nyingi zinazostaki zina nguvu ya kutosha, ila nguvu hiyo inatumika pasipohitajika au inafika kwa kuchelewa. Sura hii inahusu mahali muda unapopotea na namna ya kuurudisha. Nitatumia zaidi PSP na emuleta yake, PPSSPP, kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye simu za vijana wetu. Simu ya mfano itakuwa ile yenye chipu ya MediaTek Helio G85, ambayo ilitoka mwaka 2020 na bado imo mifukoni mwa watu wengi.

Kazi ya mkalimani

Emuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Faili la gemu ya PSP limejaa maagizo yaliyoandikwa kwa prosesa za familia ya MIPS. Prosesa ya simu ni ya familia ya Arm, na haielewi agizo hata moja kati ya hayo. Lazima mtu akae katikati.

Wanaohudhuria mikutano ya injili viwanjani wanamjua mtu huyo. Mhubiri mgeni anasema sentensi, mkalimani anairudia kwa Kiswahili, mhubiri anaendelea. Mhubiri akirudia sentensi ile ile mara ishirini, mkalimani naye ataitafsiri upya mara ishirini, na mkutano wa saa moja unakuwa wa saa mbili. Emuleta nyingi za mwanzo zilifanya kazi hivyo: kila agizo lilisomwa, likatafsiriwa, likatekelezwa, hata kama lilikuwa limeshapita mara elfu moja ndani ya sekunde hiyo. Mkalimani mjanja angeiandika tafsiri ya kila sentensi anapoisikia mara ya kwanza, na sentensi ikirudiwa asome tu alichoandika. Mbinu hiyo wataalamu wanaiita JIT. PPSSPP inachukua kipande cha maagizo ya MIPS, inakiandika upya kwa Arm na kukihifadhi. Gemu ikirudi kwenye kipande hicho, na gemu hurudi mahali pale pale kila fremu, tafsiri iko tayari. Tofauti ya kasi ni kubwa mno. Kwenye mipangilio ya PPSSPP kuna mahali pa kuchagua namna ya kuendesha CPU. Kama kuna aliyepachezea na kuchagua ukalimani wa agizo kwa agizo, ya nini kuhangaika na mipangilio mingine? Anza kwa kurudisha hapo.

Hapo ndipo iPhone ilipokuwa na kisa chake. Hadi Aprili 2024 Apple haikuruhusu emuleta za konsoli za zamani katika duka lake. Ilipofungua mlango, emuleta iitwayo Delta iliingia mwezi huo huo na PPSSPP ikafuata mwezi wa Mei. Lakini kanuni haikubadilika kuhusu JIT: programu ya kawaida hairuhusiwi kujitengenezea maagizo mapya ya prosesa wakati inafanya kazi. PPSSPP ya iPhone inalazimika kuishi kwa ukalimani, ingawa ni ukalimani ulionolewa. Inawezekana kwa sababu chipu za Apple zina nguvu nyingi na PSP ni mashine ndogo. Watengenezaji wa Dolphin, emuleta ya GameCube na Wii, walisema wazi kwamba bila JIT hakuna maana ya kuileta Dolphin katika duka hilo. Mwenye Android ya bei nafuu anaweza kujiliwaza kidogo: katika jambo hili yeye yuko huru zaidi.

Kuna uamuzi mwingine uliofanywa kwa niaba yako kabla hujagusa chochote, nao ni kiasi gani cha mashine kiigizwe. Henrik Rydgård, Msweden aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dolphin, alitoa PPSSPP Novemba 2012 akiwa ameamua kwamba hataiga kila kitu. Gemu inapouomba mfumo endeshi wa Sony ufungue faili au ucheze sauti, PPSSPP haiendeshi mfumo huo hatua kwa hatua. Inalipokea ombi, inalitimiza yenyewe kwa njia ya mkato, na kurudisha jibu. Ndiyo maana PPSSPP haihitaji faili la BIOS, ile programu ya msingi ya konsoli. Upande wa pili alikuwako mtengenezaji aliyejulikana kwa jina la byuu, ambaye emuleta yake, bsnes, ililenga kuiga Super Nintendo kwa usahihi usio na mkato hata mmoja. Prosesa ya Super Nintendo haizidi megahezi 3.58. Mwaka 2011 byuu aliandika makala ya kueleza kwa nini emuleta yake ilihitaji kompyuta yenye prosesa ya gigahezi 3. ZSNES ya mwaka 1997 ilikuwa imeshaziendesha gemu hizo hizo kwenye kompyuta za Pentium, kwa mikato mingi na makosa hapa na pale. Namheshimu sana byuu, na kazi yake imeokoa maarifa ambayo yangepotea. Lakini kwenye simu ya laki tatu, mkato ni rafiki.

Milisekunde 16.7

Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inaipa kila fremu milisekunde 16.7. Ndani ya muda huo emuleta lazima iendeshe maagizo ya prosesa, iipe chipu ya picha michoro yake, itengeneze sauti, isome vidole vyako viko wapi, na ikabidhi fremu kwa skrini. Ikimaliza kwa milisekunde 12, inasubiri. Ikimaliza kwa 18, imeikosa zamu, na skrini inarudia picha ya zamani hadi zamu nyingine.

Kwa hiyo wastani unaweza kukudanganya. Chukua sekunde moja ambayo fremu 59 zilimalizika kwa milisekunde 12 kila moja, na fremu moja ikachukua milisekunde 90. Wastani ni milisekunde 13.3, wa kupendeza kabisa, na bado umeona mkwamo, pengine umepigwa goli. Kinachotafutwa ni fremu zinazofika kwa wakati, moja baada ya nyingine. Simu yenye kasi kubwa inayopanda na kushuka hucheza vibaya kuliko simu ya wastani iliyotulia.

Namba nyingine inayopotosha ni FPS yenyewe. PPSSPP inaweza kuonyesha fremu kwa sekunde na asilimia ya kasi. Watu wanaangalia ya kwanza, wanaona 30, wanaanza kulaumu simu. Grand Theft Auto: Vice City Stories iliundwa kwenda fremu 30 hata kwenye PSP halisi. Metal Gear Solid: Peace Walker ilikwenda 20. Emuleta ikikuonyesha 20 kwenye Peace Walker huku asilimia ikisoma 100, basi simu yako inaicheza kama watengenezaji wake walivyokusudia, na hakuna kitu cha kurekebisha. Tekken: Dark Resurrection ni ya 60, na hapo 45 ni tatizo la kweli. Angalia asilimia. Ikibaki 100 hata wakati wa vurugu, kazi ya prosesa imekwisha.

Lakini kuna watu asilimia yao ni 100 na bado macho yao yanawaambia kuna kitu hakiko sawa, na wako sahihi. Sababu ya kwanza ni skrini mpya. Simu nyingi za Infinix na Tecno za miaka hii zina skrini inayojichora upya mara 90 kwa sekunde, na tangazo linasema hiyo ni nzuri kwa gemu. Kwa gemu ya fremu 60 ni mbaya. Kila fremu ingetaka kukaa kwa zamu moja na nusu, na hakuna nusu zamu, hivyo moja inakaa zamu moja, inayofuata zamu mbili, tena moja, tena mbili. Kamera inapozunguka uwanja wa mpira unaona mtetemo mdogo usioisha. Ingia kwenye mipangilio ya skrini ya simu uirudishe 60. Skrini ya 120 haina shida hiyo, kwa sababu 60 inaingia mara mbili kamili. Gemu za fremu 30 nazo hazijali, maana 30 inaingia mara tatu katika 90.

Sababu ya pili imeingia kwetu kwa njia ya televisheni. Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya Ulaya, ilitumia mfumo wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walikuwa kwenye NTSC, karibu 60. Konsoli za enzi ya Super Nintendo, PlayStation ya kwanza na PS2 zilifuata televisheni, na gemu zikatolewa kwa matoleo tofauti. Kampuni nyingi hazikujisumbua kuitengeneza upya gemu kwa PAL: iliyoandikwa kwa 60 iliachwa iende kwa 50, ikawa polepole kwa karibu asilimia 17. Sonic the Hedgehog ya kwanza kwenye Mega Drive ya Ulaya ilikwenda hivyo pamoja na muziki wake, na kuna watu wazima leo wanaoamini kwamba muziki ule wa polepole ndio wa asili.

Kwenye simu, toleo la PAL lina adhabu mbili. Kwanza, gemu yenyewe huenda polepole. Pili, fremu 50 haziingii vizuri katika skrini ya 60: kati ya kila fremu tano, moja lazima ionyeshwe mara mbili, na jicho linaona kijikwazo mara kumi kila sekunde. Angalia msimbo wa diski: gemu za PlayStation zinazoanza na SLES au SCES ni za Ulaya, zinazoanza na SLUS au SCUS ni za Marekani. Kama diski unayoimiliki ni ya Ulaya, baadhi ya gemu za PS2 zina chaguo la hezi 60 zinapowaka, likubali. Gemu za PSP hazina tatizo hili, kwa kuwa skrini ilikuwa ndani ya mashine na Sony haikulazimika kuuliza televisheni ya mtu.

Jaribio la dakika tano

Wengi wanaotaka gemu iteleze hufungua video, wanakopi mipangilio arobaini ya mtu mwenye simu tofauti, na kuibandika yote kwa pamoja. Wakibahatika, hawajui nini kimesaidia. Wasipobahatika, hawajui nini kimeharibu. Kabla ya kubadilisha chochote, jua kwanza ni nani anayechelewa: prosesa au chipu ya picha. Kuna njia rahisi ya kujua.

Rudisha mipangilio ya emuleta kama ilivyokuja. Nenda mahali panapostaki kila mara, hifadhi hali ya gemu hapo hapo ili uweze kurudi, na soma asilimia. Sasa shusha ubora wa kuchora hadi 1×, yaani pikseli 480 kwa 272 za PSP, rudi mahali pale pale, usome tena. Kama asilimia imepanda kutoka, tuseme, 70 hadi 100, aliyekuwa akichelewa ni chipu ya picha. Kama haijasogea, picha haina hatia, na mwenye kuchelewa ni prosesa.

Jibu la kwanza ndilo jepesi. Watu hawahesabu kwamba 2× ni pikseli mara nne, 3× ni mara tisa, na 5× ni mara ishirini na tano. Helio G85 ina Mali-G52 yenye viini viwili vya picha. Kwenye gemu nyingi itabeba 2× bila kulalamika, na baadhi hata 3×, lakini ukiongeza na kichujio cha kukuza maumbo ya picha umeikabidhi mzigo wa gemu mbili. Zima vichujio vyote. Kwenye skrini ya inchi sita na nusu, tofauti kati ya 2× na 4× inaonekana ukisimamisha gemu na kuitazama kwa karibu. Wakati wa kucheza sijawahi kukutana na mtu aliyeiona.

Jaribu pia kubadilisha kati ya Vulkan na OpenGL, ambazo ni njia mbili za kuzungumza na chipu ya picha. Kwa kawaida Vulkan hushinda, kwa sababu inaipunguzia prosesa kazi ya kuandaa michoro. Kwenye baadhi ya chipu za zamani, hasa za PowerVR, dereva ya Vulkan ina kasoro, na OpenGL inakuwa salama zaidi. Hapa majaribio yanashinda maoni ya mtu yeyote, pamoja na yangu.

Jibu la pili, la prosesa, linahitaji kwanza kuachana na tangazo la viini nane. Emuleta ya PSP hufanya kazi yake nzito kwenye uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa maagizo, na uzi wa pili unashughulika na picha. Huwezi kuigawa kazi ya PSP kwa watu wanane, kwa sababu agizo la pili linasubiri jibu la agizo la kwanza. Ukifungua Helio G85 utakuta viini viwili vikubwa vya aina ya Cortex-A75 vyenye gigahezi 2, na sita vidogo vya Cortex-A55. Emuleta inavitegemea vile viwili. Helio A22, ambayo imo katika simu nyingi za bei ya chini kabisa, ina viini vinne vya Cortex-A53 na haina kikubwa hata kimoja. Gigahezi zake nazo ni 2, lakini kila hatua ya kiini hicho ina kazi ndogo. Ukiwa unanunua simu kwa ajili ya gemu za zamani, uliza viini vikubwa ni vya aina gani, na uachane na idadi.

Prosesa ikiwa ndiyo inayochelewa, kuna mambo mawili ya kufanya ndani ya PPSSPP. La kwanza ni kuruka fremu: emuleta inaendelea kuiendesha gemu kwa kasi yake kamili lakini inachora moja kati ya mbili. Sauti inatulia, mwendo unakuwa wa kweli, picha inapoteza ulaini. Kwa mpira wa PES napendekeza bila kusita. Kwa Tekken sipendekezi, kwa sababu fremu usiyoiona ndiyo iliyobeba ngumi.

La pili ni mwendo wa prosesa inayoigizwa, na hapa ndipo wengi wanajimaliza. Sony awali iliifungia PSP isivuke megahezi 222 gemu ikiwa inachezwa, ili kulinda betri. Mwaka 2007 toleo la 3.50 la mfumo lilifungua njia hadi 333, na Chains of Olympus ikawa gemu iliyojulikana kwa kutumia nafasi hiyo. PPSSPP inakuruhusu kubadilisha namba hii. Mtu anaona gemu inastaki, anaipandisha hadi 444 akidhani ameongeza nguvu. Amefanya kinyume. Ameiambia emuleta ijifanye PSP yenye kasi zaidi, na simu ndiyo inayolipa kwa kuendesha maagizo mengi zaidi ndani ya milisekunde zile zile 16.7. Kwa simu dhaifu, weka 222. Gemu yenyewe itaamua kupunguza baadhi ya fremu zake, kama ambavyo PSP ya mwaka 2005 ingefanya, na simu itapumua.

Kuna mpangilio mmoja zaidi unaosifiwa mno, ule wa kuruka athari za bafa. Unaongeza kasi kweli, na kwenye gemu chache hauleti madhara. Kwenye nyingine unafuta vivuli, unageuza skrini kuwa nyeusi, au unaacha menyu bila maandishi. Uwe wa mwisho katika orodha yako.

Joto

Gemu ikiteleza kwa dakika kumi za mwanzo kisha ikaanza kustaki, usiguse mipangilio. Shika mgongo wa simu. Chipu inapopata moto, simu inapunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, na haikuulizi. Viini vile viwili vikubwa ndivyo vinavyopunguzwa kwanza. Dar es Salaam mwezi wa Februari joto la mchana linapita nyuzi 30 kabla hata hujawasha kitu, kwa hiyo simu inaanza safari ikiwa imeshakaribia mpaka. Mtu huyo huyo ameivisha kava nene la mpira, ameichomeka kwenye chaji, ameweka mwanga wa skrini hadi mwisho, na anacheza akiwa ameiegemeza kwenye mto.

Vua kava. Chaji kwanza, cheza baadaye, kwa kuwa chaji yenyewe inaongeza joto mahali pale pale. Shusha mwanga. Feni ya mezani ikipuliza mgongo wa simu inafanya kazi kuliko programu yoyote inayojiita kiongeza kasi cha gemu. Nyingi za hizo hufunga programu nyingine na kukuonyesha matangazo. Zima pia kiokoa betri, ambacho kazi yake halali ni kupunguza mwendo wa prosesa. Na kumbuka kwamba 1× au 2× badala ya 4× ni dawa ya joto pia, hata kama chipu ya picha ingeweza kuibeba 4× kwa dakika kumi.

Mkwamo wa mara moja tu

Kuna aina ya kustaki ambayo haihusiani na yote hayo. Unaingia chumba kipya, mlipuko wa kwanza unatokea, picha inaganda nusu sekunde, kisha mlipuko wa pili na wa tatu unapita bila shida. Hizo ni sheda: programu ndogo ambazo emuleta inaziandika ili chipu ya picha ya simu ijue namna ya kupaka rangi kama konsoli ilivyopaka. Kila athari mpya ya picha inahitaji sheda mpya, na dereva ya simu inachukua muda kuiandaa. Watengenezaji wa Dolphin walihangaika na jambo hili kwa miaka, hadi Julai 2017 walipotoa suluhisho lao: sheda moja kubwa inayoiga chipu nzima ya picha ya GameCube, ikashika zamu huku sheda ndogo zikiandaliwa pembeni. Ni kazi ya akili iliyonivutia kuliko nyingine yoyote katika fani hii. Kwa bahati mbaya sheda hiyo kubwa inaitaka chipu ya picha yenye misuli, na simu nyingi hazinayo.

Kwenye simu dawa ni subira. Sheda zilizokwisha kuandaliwa zinahifadhiwa, na mara ya pili kupita njia hiyo hukwami. Ukihama kutoka OpenGL kwenda Vulkan unaanza upya, kwa hiyo usimhukumu mmoja wao kwa dakika tano za kwanza.

Sauti ina kisa kifupi. Asilimia ikishuka hata hadi 95, akiba ya sauti inakauka na spika inakwaruza, na sikio hugundua hilo kabla ya jicho. Tibu kasi, sauti itapona. Lakini ukisikia sauti safi inayochelewa, na unacheza kwa vifaa vya masikioni vya Bluetooth, tatizo liko masikioni. Vingi vinachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu sita, na emuleta haina la kufanya. Waya wa bei rahisi unashinda.

PS2 ni mlima mwingine

Anayefanikiwa na PSP anauliza kuhusu PS2, na namjibu kwa tahadhari. PS2, iliyotoka Machi 2000, ilikuwa na prosesa kuu ya megahezi 294.9, chini ya ile 333 ya PSP. Ugumu uko kwenye kundi zima. Pembeni ya prosesa kuu kulikuwa na vitengo viwili vya hesabu za vekta, chipu ya picha, chipu ya sauti, na prosesa ya PlayStation ya kwanza ikishughulikia vifaa vya nje. Zote zilikwenda kwa wakati mmoja zikisubiriana kwa usahihi mkubwa, na emuleta lazima izisimamie zote. Chipu ya picha ilikuwa na kumbukumbu yake ya megabaiti 4 ndani kwa ndani, yenye upana wa gigabaiti 48 kwa sekunde. RAM ya simu za bei nafuu za leo haifikii hata nusu ya upana huo. Gemu za PS2 zilimwaga moshi, moto na vumbi tabaka juu ya tabaka kwa sababu PS2 haikuona taabu. Simu inaiona.

AetherSX2, iliyojengwa juu ya PCSX2 ya kompyuta, ilipotoka Desemba 2021 ilishangaza watu kwa kuziendesha gemu hizo kwenye Android. Mtengenezaji wake alipendekeza simu ya kiwango cha Snapdragon 845, yenye viini vinne vikubwa. Helio G85 ina viwili. AetherSX2 inahitaji pia Android ya biti 64, na simu nyingi za bei ya chini huja na Android ya biti 32 hata kama chipu yao ingeweza zaidi. Januari 2023 mtengenezaji huyo aliacha kazi, akitaja madai yasiyokwisha, watu waliojifanya yeye, na hatimaye vitisho vya kumuua. Alikuwa akitoa programu hiyo bure.

Watengenezaji wa namna hiyo wanahitaji kuungwa mkono, ndiyo maana namalizia na suala la PPSSPP Gold. Kwenye makundi ya WhatsApp faili lake la wizi linazunguka kila wiki, likiwa na sifa kwamba linakwenda kasi kuliko PPSSPP ya kawaida. Gold haina fremu hata moja ya ziada. Ni programu ile ile yenye nembo ya dhahabu, na inauzwa ili anayependa kazi ya Rydgård aichangie. Kama huna pesa, chukua ya bure kutoka Google Play au tovuti yake rasmi. Utapata kasi ile ile, bila faili la mtu usiyemjua kwenye simu yenye namba yako ya M-Pesa. Kama unayo, lipa.